Mgongee Elija Mara Mbili

Kariobangi, Nairobi

Kwa dada yangu Mkamburi, mkubwa wangu uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea,

Nakusalimu kwa heshima zote, na namsalimu Mghoi anayekusomea. Mghoi mwanangu, soma polepole, usimrukie mama yako hata mstari mmoja, maana nimeshika kalamu hii tangu nilipomaliza kuuza asubuhi mpaka vidole vimekufa ganzi. Shemeji mguu wake umepona? Yule ng'ombe wa madoa amezaa, au bado anawachezea? Mvua imefika huko Mgange? Huku imenyesha mpaka njia ya sokoni imekuwa uji. Mimi siku hizi nikisikia matone ya kwanza juu ya bati naacha ninachofanya, nakaa tu. Wewe unajua kwa nini.

Sisi tupo. Nikikuandikia kwamba tuko wazima kabisa utajua nadanganya, lakini tunakula na tunaamka. Biashara yangu iko pale pale kwenye lango la yadi ya malori, huku Indastria, chai na mandazi. Sijisifu, dada, lakini ukweli hauoni haya. Kuna akina mama wengine wanaouza hapo langoni, na madereva wanawapita kama wanapita nguzo za stima, wanakuja kwangu. Hata tajiri mwenyewe, mwenye malori yote yale, humtuma karani wake kwangu, na yule ni mtu anayeweza kula popote anapotaka mjini. Karani aliniuliza, "Mama Elija, unaweka nini ndani ya hizi mandazi?" Nikamwambia, "Naweka Utaita."

Lakini barua hii si ya mandazi. Ni ya Elija, mwanangu na mtoto wako pia, na mtihani wake wa kuendesha lori. Aliufanya, akaanguka. Ataufanya tena mwezi ujao, na tajiri amesema hiyo ndiyo mara ya mwisho, akianguka lori linapewa mtu mwingine. Nataka nikueleze vile alivyoanguka, kwa sababu dawa yake nimeitafuta hapa Nairobi nikaikosa. Iko kwako. Usishtuke, siombi pesa.

Nianze na Mwabili wetu, kwa kuwa bila yeye hutaelewa kitu.

Dada, sijui kama niliwahi kukuambia sawasawa mwanao alikuwa nani hapa. Huko nyumbani walimjua kama yule kijana wa Mkamburi aliyekataa shule. Hapa alikuwa mtu. Yeye na Elija walikuwa matanboi, wasaidizi wa lori, wa Mzee Karanja tangu ulipomleta kwangu na sanduku lake la mbao, sauti ikiwa bado haijavunjika. Mzee Karanja unamkumbuka, yule dereva mnene aliyetuletea mwili mpaka nyumbani, akalia kuliko wenyeji. Sasa, lori ni refu. Dereva akiwa mbele haoni kilicho nyuma yake, kwa hiyo akitaka kurudi nyuma, tanboi hushuka, husimama huko nyuma kando, na kugonga bodi kwa kiganja. Akigonga mbili, njia ni nyeupe, rudi. Akigonga moja, simama hapo hapo. Dereva haulizi kwa nini. Akianza kuuliza, ameshaangusha ukuta wa watu, au ameshakanyaga mtoto.

Basi kiganja cha Mwabili kilijulikana yadi nzima. Wengine wanagonga kama wanapigana na lori. Yeye aligonga kama mtu anayebisha kwa mkwewe, kwa adabu, lakini unasikia. Mzee Karanja alizoea kusema, "Huyu kijana akinigongea mbili, mimi narudi hata ndani ya chupa." Madereva wengine walikuwa wanamwazima. Ndiyo, dada, wanamwazima mwanao kama jembe! "Mzee, tupe Mwabili kidogo, kuna mahali pabaya." Na mimi pale langoni nikisikia hivyo namwambia kila anayekunywa chai, huyo ni wetu, huyo ni mtoto wa dada yangu.

Kwangu pia aligonga. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, kimebanduka rangi upande mmoja. Akimaliza chai hakusema "ongeza". Alikigonga mezani mara mbili, mimi namwongezea. Nilimgombeza, "Huna mdomo?" Akasema, "Mama mdogo, mdomo ni wa mandazi." Kikombe hicho sijampa mtu mwingine mpaka leo. Nimekiosha nikakifunika.

Yeye mwenyewe hakutaka kuendesha. Nilimwambia mara nyingi, jifunze na wewe, uwe dereva. Alicheka. "Elija akae kwenye usukani, mama mdogo. Mimi nitakuwa macho ya matako ya lori." Samahani, dada, lakini ndivyo alivyosema, na nikimbadilishia maneno hutamsikia.

Mpango ulikuwa huu. Mzee Karanja amechoka, anataka kwenda kwao Murang'a akaangalie kahawa yake. Alimwambia tajiri, lori langu mpe Elija, huyu nimemfundisha mwenyewe, mpeleke tu akafanye mtihani. Tajiri akakubali. Elija awe dereva, Mwabili awe tanboi wake. Na Krismasi wangepata ruhusa waje na lori lenyewe mpaka Mgange, mpaka pale njia inapoishia karibu na mlango wako. Walikuwa wanabishana ni nani ataingia kwako kwanza. Mwabili alisema haingii mtu. Alisema wewe utakuwa jikoni, naye atagonga bodi mara mbili, utoke mwenyewe mbio na mwiko mkononi. Hayo ndiyo waliyokuwa wanacheka nayo, dada. Wewe na mwiko.

Tukajitayarisha. Nasema tukajitayarisha kwa sababu mimi pia nilijitayarisha, na nani angefanya kazi ile kama si mimi? Kwenye mtihani kuna meza kubwa iliyochorwa mji, na barabara zake na mizunguko yake. Mwanafunzi anapewa kigari cha mbao, anaambiwa toka hapa nenda pale, na kila kona aseme anafanya nini. Wengi huangukia hapo, hawajagusa hata lori. Basi mimi, mtu wa darasa la nne, nilichukua chaki nikachora mji mzima juu ya meza yangu ya kulia. Lori lilikuwa kiberiti. Watu walikuwa maharagwe. Kile kitabu kidogo cha alama za barabarani nilikisoma mpaka nikakimaliza, na leo hii ukiniamsha nitakuambia nani ana haki ya kutangulia kwenye mzunguko. Siendeshi, lakini najua. Kuna madereva pale langoni wananiuliza mimi.

Mwabili ndiye aliyekuwa inspekta. Alivaa kofia ya Mzee Karanja, akakunja uso, akapiga meza. "Wewe dereva! Umekanyaga maharagwe mawili! Hao walikuwa watu wa kanisa!" Elija anajitetea, "Walivuka bila kuangalia, afande." Mwabili anasema, "Watu wa kanisa huangalia juu, lazima wewe uangalie chini!" Tulicheka mpaka Mama Njoki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akagonga ukuta tumwachie usingizi wa mchana.

Halafu ikaja ile safari ya viazi, kule Kinangop, na ile mvua. Mwabili akarudi anatetemeka. Kifua kikabana. Hospitalini walifanya walichoweza. Yaliyobaki unayajua, uliyashika kwa mikono yako.

Mghoi, hapa mpe mama yako maji anywe, akae kidogo. Nitawangoja.

Haya.

Siku ya mazishi, dada, sisi sote tulikuwa kama watu waliolewa. Nakumbuka ulikuwa na udongo mkononi. Elija alikuja mbele yako kukupa pole, akiwa bado na ile koti ya kazini. Ukamtazama, ukamuuliza, "Elija, mbona umerudi peke yako?" Hukumpigia kelele. Uliuliza kwa sauti ndogo kabisa, kama zile Krismasi walipokuwa wanakuja wote wawili na mmoja ametangulia mlangoni. Hakukujibu. Alirudi nyuma akasimama kwenye migomba mpaka tukaondoka. Mimi nililisikia neno lile likapita. Nilidhani limepita.

Miezi ikaenda, siku ya mtihani, uliosogezwa kwa ajili ya msiba, ikafika. Nilifunga biashara. Nilivaa lile gauni langu la kanisani, nikafunga kilemba kipya, nikaenda kusimama kwenye uzio wa uwanja wa mtihani. Na nyumbani nilikuwa nimeshapika chapati na kuku, nimewaambia majirani mje jioni, tuna dereva. Unanijua. Furaha yangu haijui kungoja.

Elija alipoitwa jina alinitafuta kwa macho. Nikainua mkono. Wakaanza na ile meza ya mji. Inspekta alikuwa mtu mwembamba asiyecheka, na alimzungusha mji wote, kona hii, kona ile. Elija akajibu kama anasoma. Mwishowe nikamwona inspekta anatikisa kichwa kwa kukubali. Kulikuwa na mama mmoja kando yangu asiyenijua kabisa. Nikamwambia, "Huyo ni wangu. Nimemfundisha mimi, kwa maharagwe."

Wakaenda kwenye mlima. Pale lori linasimamishwa katikati ya mpando, kiberiti kinawekwa nyuma ya gurudumu, halafu dereva anaambiwa aondoke. Likiteleza kidogo tu, kiberiti kinapondeka na mtihani umekwisha. Elija aliliondoa lori kama unavyovuta shuka juu ya mtoto aliyelala. Inspekta akaokota kiberiti, akakitikisa sikioni, njiti zikalia, akakitia mfukoni. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikajizuia, watu wa mjini hawana subira na vigelegele vya mapema.

Likabaki la mwisho, kurudi nyuma kati ya mapipa. Ni kupiga rivasi peke yako, kwa vioo tu, hakuna tanboi. Elija akaanza. Dada, lori lilikuwa linarudi kama ng'ombe anayejua zizi lake. Limeingia nusu. Sasa, nyuma ya ukuta wa uwanja ule kuna mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku ya bati. Walikuwa wamegonga tangu asubuhi, wote pamoja, kelele tupu, hata ulikuwa husikii tena. Mara wakanyamaza. Nadhani walikuwa wanakunywa chai. Uwanja wote ukawa kimya, ukasikia tu lori likiguna polepole. Halafu fundi mmoja, sijui nani, akapiga nyundo yake mara moja.

Paa!

Lori likasimama.

Nilingoja liendelee. Halikuendelea. Elija akazima injini. Akafungua mlango, akashuka, mtihani ukiwa katikati, akatembea mpaka nyuma. Akasimama kati ya yale mapipa, mahali pale anaposimama tanboi, akatazama. Halafu akaweka kiganja juu ya bodi, akakiacha hapo.

Inspekta akaja kwa haraka. "Dereva! Nani amekuambia ushuke?"

"Nimegongewa, afande."

"Umegongewa na nani?"

Elija akatazama kushoto, akatazama kulia. Mimi nilikuwa nimeshika uzio. "Hakuna mtu," akasema. "Samahani, afande. Hakuna mtu."

Ikaisha hivyo.

Jioni majirani walikuja, sikuweza kuwafungia mlango. Mama Njoki akaingia anacheka, hajui bado, au labda ameshajua. "Mama Elija! Sisi tumefagia njia, mbona lori hatulioni? Dereva wetu ameliegesha wapi?" Wengine wakacheka. Nikamwambia, "Kula chapati unyamaze. Chapati zangu za matanga ni tamu kuliko zenu za arusi." Dada, sijui kwa nini nilisema matanga. Lilinitoka lenyewe. Watu wakala, wakaniaga mmoja mmoja. Mama Njoki akabaki akanioshea sufuria. Ana mdomo, lakini ana mikono pia.

Tangu siku hiyo Mzee Karanja humchukua Elija kila Jumapili baada ya kanisa, wanakwenda kwenye kiwanja kitupu kule upande wa Mukuru, wanapanga madebe. Mbele anaendesha vizuri kabisa. Kona, mlima, vyote. Akiambiwa rudi nyuma, anakanyaga klachi, anaingiza gia, anatazama vioo, halafu anakaa. Hasogei. Anangoja. Mzee mwenyewe alishuka akamgongea mbili kwa kiganja chake kinene. Elija akatikisa kichwa, akasema, "Si hiyo."

Mzee alikuja kwangu Jumatatu, akanywa chai. Mwishowe akaniambia, "Mama Elija, mimi nimefundisha watu ambao magoti yanawatetemeka. Huyu magoti yake ni mazuri. Masikio ndiyo mabaya, na masikio mimi sijui kuyafundisha."

Basi nikamkalisha Elija. Ilikuwa mchana, nakanda unga wa kesho, naye amekaa kwenye lile sanduku la mbao la Mwabili. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuzaa. Niambie unangoja nini ukiwa pale ndani ya lori."

"Mathe," akasema. Usikasirike, ndivyo vijana wa huku wanavyotuita, si matusi. "Mathe, siku ile ya mvua haikuwa zamu ya Mwabili."

Nikaacha kukanda.

Dada, neno hili hujalisikia, na mimi nilikuwa sijalisikia. Walikuwa na zamu. Safari hii mmoja anakaa mbele na Mzee, mwingine anakaa juu ya mzigo na turubali, kuuangalia. Siku ile ya Kinangop zamu ya kukaa juu ilikuwa ya Elija. Mawingu yalikuwa yameshajaa. Elija alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, Mwabili akamvuta shati. Akamwambia, "Shuka, bwana. Kaa mbele uangalie mguu wa Mzee kwenye klachi, mtihani uko karibu. Mvua ni maji tu." Akapanda yeye.

"Nikakubali," Elija akaniambia. "Nilikaa mbele, kwenye joto, naangalia mguu wa Mzee njia nzima. Na mama mkubwa akaniuliza mbona nimerudi peke yangu. Ningemjibu nini? Ningemwambia nilikuwa nasoma? Hiyo leseni nikiipata, nimeipata kwa kifua cha Mwabili. Nikiwa kwenye rivasi na kuko kimya, nasikia ni yeye amenyamaza. Na kitu kikigonga, nasikia ameniambia simama."

Nikamwambia, "Mama mkubwa hakukulaumu."

Akasema, "Sijui. Aliuliza, na sijamjibu. Sirudi Mgange bila jibu."

Akatoka. Mimi nikabaki na unga mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza langoni, kesho yake mandazi zangu hazikuumuka. Watu walikula hivyo hivyo, wakalipa.

Dada yangu, siandiki kukulaumu. Kalamu na ikauke kama nakulaumu. Mama aliyeshika udongo wa mwanawe haulizwi alikuwa na maana gani, na hata mimi niliyemlea, niliyejua anapenda mandazi iliyoungua kidogo pembeni, nilikuwa na maneno yangu siku ile, ni vile tu nilimwambia Mungu na si mtu. Ulimuuliza Elija kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yako. Lakini yeye amelichukua swali lako kama alivyofunzwa kazini. Amegongewa moja. Amesimama hapo hapo, hajauliza kwa nini. Na tanboi aliyemgongea moja ndiye mwenye kumgongea mbili, hakuna mwingine anayeweza kumtoa pale, si Mzee Karanja, si mimi na kitabu changu cha alama.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Mtasie mtoto.

Najua wewe ni kiongozi wa akina mama kanisani, na mimi pia huku ni mtu wa kanisa, tena naimba mstari wa mbele. Lakini bibi yetu alikuwa akitasa asubuhi ya Jumapili, anachukua maji mdomoni, anayapuliza mlangoni na kumtoa mtu kwenye uchungu wake, halafu anajifunga kanga anakwenda kanisani, na sijasikia kwamba Mungu alimfukuza. Alisema uchungu hauulizi kama mmekosana. Unaweza kukaa kifuani mwa mtu mwema bila yeye kujua, ukamfunga mwingine aliye mbali. Ndivyo nilivyomsikia. Maneno yenyewe utayajua wewe, wewe ndiye uliyekuwa unakaa karibu naye. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nangoja muwa.

Na kama kifua chako bado ni kizito, dada, kama umesikia habari ya zamu na umeona huwezi, basi usitase. Bibi alisema maji yakitoka mdomoni bila kutoka moyoni ni bora kuyameza. Niandikie tu kwamba bado. Nitakuelewa, hutapungua kwangu hata kidogo. Nitamwambia tajiri ampe lori mtu mwingine, na Elija atabaki kuwa tanboi. Tutaishi. Lakini ningependa ujue kwamba ukimwachilia, hutakuwa umemtupa Mwabili. Yeye ndiye aliyemshusha Elija kwenye ile ngazi akamkalisha mbele. Hilo lilikuwa neno lake, na alilisema akiwa mzima, anacheka.

Nisalimie shemeji, mwambie mguu asiukanyagishe shambani mapema. Nisalimie mama yetu mdogo, mjane wa kule juu, mwambie chumvi yake ya mawe nimeinunua. Msalimie katekista aliyetuombea siku ile, na mke wa kaka yetu aliyelala kwako wiki zile nzima, Mungu amlipe. Mzee Karanja anakusalimu. Elija hajui kwamba nakuandikia, lakini jana aliniuliza kama ng'ombe wa madoa amezaa, kwa hiyo nachukulia hiyo ni salamu yake.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Voi pamoja na kifurushi. Mghoi, ukimaliza kusoma usiikunje kwanza. Fungua kile kifurushi. Ndani ya gazeti kuna kikombe cha bati, cheupe, mdomo wa bluu. Ndicho chake, nimeamua kirudi kwa mamake. Kakioshe, mchotee mama yako maji, umsindikize mpaka mlangoni. Safari hii asimeze, ayapulize.

Na akimaliza, kama ameweza, agonge kikombe hicho mlangoni mara mbili. Najua Mgange ni mbali, Elija hatasikia. Niandikieni tu kwamba mmegonga. Nitakwenda mwenyewe kwenye kile kiwanja, Jumapili, nitasimama nyuma ya lori na gauni langu la kanisani, na nitamwambia, mama mkubwa amekugongea. Rudi.

Ni mimi mdogo wako unayenijua,
Wakesho, mama yake Elija, na mama mdogo wa Mwabili.